Cha kubaki na cha kutoka: kivuli cha penseli kilivyotuongoza katika nakshi za mbao

Ubao ukishakatwa haurudi. Sisi wanakamati wa msikiti tulilijua hilo kwa ulimi miaka mingi, lakini tulikuja kulijua kwa moyo alasiri moja ya mwezi wa Rajabu, tuliposimama katika banda la ufundi la madrasa yetu tukiutazama ubao wa plaiwudi ulioharibika. Ubao huo ulikusudiwa kubeba Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, herufi zibaki na nyuma yake pawe wazi, ili mwanga na upepo vipite kati ya maneno. Ulikuwa ndio mwanzo wa kazi kubwa zaidi, yaani kiambaza cha nakshi cha upande wa akina mama, kitakachochukua nafasi ya pazia zito lililowanyima hewa kwa muda mrefu, hasa katika swala za usiku wa Ramadhani.

Tulichokikuta mezani hakikusomeka. Nukta ya herufi ba ilikuwa imeanguka chini na kuchanganyika na vumbi la mbao. Shina la lam, lililopaswa kubaki, lilikuwa limekatwa kwa kudhaniwa kuwa ni uwazi. Tumbo la mim moja lilikuwa limetobolewa, na la mim nyingine limeachwa bila kuguswa.

Aliyeukata ni kijana wetu mmoja anayejifunza useremala, mpole, mwenye mkono mtulivu. Hatukumwuliza lililotokea. Tulimlaumu mbele ya wenzake kwamba hakuwa makini, na kwamba amepoteza fedha za waumini. Yeye hakusema ila, "Nisameheni, mashekhe," akachukua ufagio na kuanza kufagia.

Katika hali hiyo aliingia mzee mmoja, fundi mchongaji aliyekwisha kustaafu, aliyekuja kuswali nasi alasiri. Alisikiliza, hakutujibu. Aliichukua nakala ya mchoro iliyosalia, mchoro wa mistari mitupu tuliompa kijana yule, akaitandaza juu ya meza. Kisha akatuuliza: "Hebu nionyesheni wanangu, hapa ubao ni upi na hewa ni ipi?"

Mwenyekiti aliweka kidole mahali pamoja, mweka hazina akaweka mahali pengine, na sisi wengine tukasita. Mzee akasema kwa upole: "Nyinyi mmesoma Kiarabu, mmekaa mmetulia mbele ya karatasi, na bado mnahitilafiana. Huyu kijana alikuwa na mashine inanguruma mbele ya macho yake. Mlitaka ajue kwa nani?"

Tulimwomba radhi kijana yule palepale, mbele ya wale wale waliotusikia tukimlaumu. Kosa halikuanzia katika msumeno, bali lilianzia mezani, katika karatasi tuliyoitayarisha sisi wenyewe. Tunayoyaeleza hapa chini ni yale tuliyojifunza kwa mzee yule na kwa mikono yetu, tukitaraji kwamba familia na madrasa nyingine zitakazopenda kazi hii halali na nzuri zitasalimika na hasara tuliyoipata.

Kwa nini mstari peke yake hautoshi

Msumeno wa nakshi ni mashine ndogo ya kuweka mezani. Wembe wake, ambao mafundi huuita bledi, ni mwembamba sana. Umefungwa juu na chini, nao hupanda na kushuka mahali pamoja. Fundi hausogezi wembe bali huuzungusha ubao. Humo ndimo mna siri ya makosa mengi. Ubao ukigeuzwa, kilichokuwa kulia kinakuwa kushoto, na neno lililosomeka vyema linakuwa juu chini. Wakati huo fundi haoni herufi tena wala nyota. Anaona mistari miwili inayokwenda sambamba, na kila mstari una pande mbili zinazofanana kwa weupe wa karatasi. Upande upi ubaki? Upi uondoke? Karatasi haisemi, na mashine haisubiri.

Kivuli ndicho kinachojibu swali hilo. Kutia kivuli ni kupaka rangi hafifu ya penseli sehemu zote zinazotakiwa kuondoka, na kuziacha nyeupe sehemu zote zinazotakiwa kubaki. Kazi yenyewe ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la tatu huiweza. Hata hivyo, faida yake ni kubwa, kwa kuwa uamuzi wa cha kubaki na cha kutoka unafanywa mapema, kwa utulivu, na watu wawili au watatu wanaoweza kusahihishana. Fundi akiukalia msumeno, hana tena la kuamua ila kufuata.

Kuna faida ya pili ambayo hatukuitambua mwanzoni. Mstari una unene wake. Wembe ukipita juu yake, mara huku mara kule, pande zinatoka na mawimbi. Pakiwa na kivuli, kanuni inakuwa moja: wembe upite upande wa kivuli, ukiugusa mstari bila kuumeza. Hata mkono ukitetemeka kidogo, kosa linaangukia katika sehemu ambayo ingetupwa hata hivyo.

Nakshi za wazee wetu na nakshi za kutoboa

Huenda msomaji akauliza: mbona wazee wetu wa pwani walinakshi mawe na milango bila matatizo haya? Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Milango ya Unguja na Lamu nayo inajulikana kwa maua na minyororo iliyochongwa kwa patasi.

Jawabu ni kwamba nakshi hizo ni za kuchonga, si za kutoboa. Mchongaji hushusha usawa wa nyuma ya ua au herufi, lakini haundoi. Nukta ya ba inabaki imeshikwa na jiwe lililo chini yake, hata kama imesimama peke yake. Katika nakshi za kutoboa hakuna kitu nyuma. Kila kisichoshikana na mwenzake huanguka. Kwa hiyo mchoro mzuri wa kuchongwa waweza kuwa mchoro mbaya wa kutobolewa, na mtu akiunakili kama ulivyo atapata hasara kama yetu.

Tuchukue Bismillahi yenyewe kuwa mfano. Kwa hati iliyozoeleka ina nukta nne: moja chini ya ba, moja juu ya nun ya Rahman, na mbili chini ya ya katika Rahim. Herufi zikibaki na nyuma yake ikaondolewa, nukta zote nne huanguka zisipounganishwa na herufi au fremu. Tukigeuza, herufi zikawa ndizo zinazotobolewa na nyuma ikabaki, nukta zinakuwa matundu tu na hazina shida. Hapo shida inahamia katika matumbo ya herufi: vipande vya ndani ya mim na ha hukosa pa kushika navyo huanguka. Dawa ya yote mawili ni kiungo chembamba ambacho sisi tumekiita daraja. Na mahali pa kuchora daraja ni karatasini, si ubaoni.

Kuuchora mchoro wetu

Kwa sababu tutakazozitaja mbele, tuliazimia kiambaza kiwe cha nyota tupu, bila maandishi. Mchoro tulioutumia ni rahisi, na kila familia yenye bikari na rula yaweza kuuchora.

Chora mraba. Ndani yake chora duara linalogusa pande zote nne. Ligawe duara katika sehemu nane zilizo sawa kwa mistari inayopita katikati: mmoja wa wima, mmoja wa mlalo, na miwili ya mshazari. Sasa unganisha alama za duara kwa kuruka moja moja. Utapata miraba miwili iliyopandana, mmoja umesimama sawa na mwingine umekaa kwa pembe, nayo inafanya nyota ya pembe nane. Kisha, kutoka katika kila pembe ya mraba uliosimama sawa, vuta mstari hadi kona ya mraba mkubwa wa nje. Mwisho, upe kila mstari unene kwa kuchora mistari miwili sambamba, milimita 6 kila upande. Milimita 12 hizo ndizo zitakazokuwa ubao.

Mchoro huo tuliuchora kwanza katika karatasi ya A4, mraba wa nje ukiwa na sentimita 18 na nusu. Tuliupeleka stesheneri ukakuzwa kwa asilimia 141 kwenda katika karatasi ya A3, ukafikia takriban sentimita 26. Msomaji azingatie jambo moja: mashine ya fotokopi ikikuza mchoro hukuza na unene wa mistari. Mstari uliokuwa mwembamba unarudi mnene, na fundi hajui apite katikati au pembeni. Kwa hiyo chora asili kwa penseli iliyochongwa vizuri. Wala usiibandike asili yenyewe juu ya ubao. Asili huhifadhiwa, na nakala ndizo zinazokatwa.

Ukubwa wa vipande vyetu haukuchaguliwa ovyo. Mkono wa mashine yetu una nafasi ya inchi 16 tu nyuma ya wembe, na ubao mkubwa ungegonga nyuma kila unapozungushwa. Basi tuliipasua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yenye unene wa milimita 6, katika miraba ya sentimita 30. Ilitoa miraba 32. Tulihitaji 24, yaani safu nne za sita sita, na minane iliyosalia ikawa ya kujifunzia. Waswahili husema mti hauendi ila kwa nyenzo, na hiyo minane ndiyo iliyokuwa nyenzo yetu.

Kutia kivuli na kupitisha kidole

Baada ya kupata nakala, tulikaa katika ukumbi wa madrasa na penseli za rangi. Tulijaribu kwanza kalamu nyeusi ya wino mzito. Wino uliumeza mstari na kuikunjakunja karatasi. Tukajaribu njano, nayo haikuonekana chini ya taa. Kilichofaa ni penseli ya kijivu iliyolazwa, kwa michirizi myepesi inayoelekea upande mmoja, ili mstari mweusi wa mpaka uendelee kuonekana waziwazi juu ya kivuli.

Ukimaliza, usiende kwenye msumeno. Fanya kwanza jaribio alilotufundisha mzee. Weka kidole juu ya sehemu yoyote nyeupe, kisha kitembeze hadi kifike katika fremu ya nje bila kukanyaga kivuli. Kikifika, sehemu hiyo imeshikwa. Kikizuiliwa na kivuli pande zote, hicho ni kisiwa, nacho kitaanguka. Rudia kwa kila sehemu nyeupe, hata ile unayoiamini.

Waliofanya kazi hii kwa ustadi kuliko sisi ni akina mama. Mmoja wao huwapaka maharusi hina, na anajua tangu ujana wake kwamba ngozi inayoachwa ni sehemu ya ua kama ilivyo ile inayopakwa. Mwingine ni bibi anayeshona kofia za viua. Mshona kofia huchora kwanza juu ya kitambaa, akajua pa kutoboa kiua na pa kupitisha uzi, ndipo sindano ishuke. Hawa hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Sisi wanakamati tulikuwa tumeongeza pambo letu: nyota ndogo katikati ya ile kubwa, ndani ya uwazi wa pembe nane. Ilipendeza sana karatasini. Bibi alipitisha kidole chake juu ya ile nyota ndogo, akakizungusha, akakizungusha tena, kisha akakiinua. "Nyota hii haina pa kushika, wanangu. Mtaikata asubuhi, na adhuhuri mtaiokota chini." Tungeweza kuichorea madaraja, lakini madaraja yangeuharibu umbo wake. Tuliifuta. Laiti karatasi ile ingekwenda kama ilivyokuwa, tungeharibu vipande vingine na huenda tungemtafuta tena wa kumlaumu.

Kuhusu unene wa daraja, sisi tumejiwekea kanuni kwamba lisiwe jembamba kuliko unene wa ubao wenyewe. Kwa mbao za asili kuna tahadhari zaidi: daraja linalokatisha nyuzi za mti huvunjika upesi kuliko linalokwenda pamoja nazo. Plaiwudi ina nafuu, kwa kuwa tabaka zake zimepishanishwa.

Matundu, namba na mpangilio

Kila sehemu yenye kivuli ni kidirisha, na kila kidirisha kinahitaji tundu moja la kupitishia wembe. Tundu hilo huwekewa alama karatasini kabla ya drili kuwashwa. Liwe ndani ya kivuli, karibu na kona, wala lisiguse mstari. Tukiwa na wembe usio na pini mwisho wake, tundu la milimita 2 linatosha, ilhali wembe wenye pini unahitaji tundu kubwa zaidi, jambo linaloleta taabu katika vidirisha vidogo.

Baada ya kutia alama tulivihesabu vidirisha: pembenane moja ya katikati, pembetatu nane za ncha za nyota, na nafasi nane za pembezoni. Jumla yake ni 17. Mtoto mmoja wa madrasa ndiye aliyetugutusha kwamba ni idadi ya rakaa za faradhi kwa siku. Hatukuikusudia, wala hatukuipa maana zaidi ya hiyo, lakini watoto waliifurahia, na hapana aliyesahau tena idadi ya matundu.

Kisha tuliandika namba ndani ya kila kivuli kwa utaratibu wa kukata. Kanuni ni kuanzia katikati na kwenda nje. Ubao unaotobolewa hudhoofika kila kidirisha kinapotoka, kwa hiyo sehemu za ndani zikatwe wakati pembezoni pangali pazima na mkono una pa kushika. Ukianza nje, unapofika katikati ubao unatetemeka kama jani.

Kubandika na kukata

Mwanzoni tulipaka gundi ya mbao na kubandika karatasi moja kwa moja. Kuibandua ilikuwa adhabu, na msasa ulimaliza siku nzima. Sasa tunafunika kwanza uso wa ubao kwa utepe wa karatasi, ule ambao wapaka rangi hutumia kuziba pembezoni, kisha tunabandika mchoro juu ya utepe. Kazi ikiisha utepe hubanduliwa pamoja na karatasi, na ubao unabaki safi. Juu ya mchoro wengine huongeza selotepu pana inayoonyesha chini. Hiyo husaidia wembe kuteleza na hupunguza kuungua kwa ubao mgumu.

Vipande viwili vyaweza kufungwa pamoja kwa utepe na kukatwa kwa mchoro mmoja. Kwa njia hiyo vipande vyetu 24 vilikatwa kwa awamu 12, na badala ya kutoboa matundu 408 tulitoboa 204. Meno ya wembe yaelekee chini, na vidole viushike ubao ukae mezani usirukeruke. Umeme uzimwe kila wembe unapofunguliwa kupitishwa katika tundu jipya. Vumbi la plaiwudi si jema kwa mapafu, kwa hiyo barakoa na miwani ni lazima. Watoto wadogo kazi yao iishie kwenye penseli na kidole. Wasiukaribie msumeno.

Kijana wetu alirudi kwenye mashine. Aliomba kuanza na vile vipande minane vya kujifunzia, nasi tukamwachia. Katika kipande cha kwanza alikosea kidirisha kimoja, na tulipokitazama tukaona kwamba kivuli chake kilisahauliwa. Aliyekisahau alikuwa mmoja wetu. Safari hii hakuna aliyepaza sauti.

Suala la maandishi matukufu

Baada ya ubao wa kwanza kuharibika, imamu wetu alituuliza jambo ambalo tulipaswa kujiuliza kabla: vipande vya jina la Allah vilivyoanguka sakafuni vilikwenda wapi? Na karatasi iliyobanduliwa? Tuliona haya. Tuliviokota vyote tukavichoma, tukazika majivu mahali pasipokanyagwa. Kuchoma maandishi matukufu kwa nia ya kuyahifadhi na dharau kuna asili katika kitendo cha Sayyidna Uthman (r.a.), aliyeamuru maandishi mengine ya Qur'ani yachomwe baada ya misahafu kunakiliwa, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari.

Imamu alitukumbusha pia kwamba Imamu an-Nawawi, katika kitabu chake at-Tibyan, ametaja kuwa katika madhehebu ya Shafi ni makuruhu kunakshi kuta na nguo kwa Qur'ani na kwa majina ya Allah. Tunajua kwamba misikiti mingi ina maandishi hayo, na wapo wanavyuoni walioliona jambo hilo kwa jicho jingine. Hatumlaumu yeyote. Lakini kwa kiambaza kitakachopanguswa, kusukumwa na kuegemewa na watoto, tuliona nyota zinatosha.

Familia zinazopenda kuweka kibao cha jina lao mlangoni kwa herufi za Kiarabu zina nafasi pana zaidi, na kanuni za nukta, matumbo na madaraja ni zile zile. Hata hivyo, majina mengi yetu yanabeba jina la Mola wetu ndani yake, kama Abdallah na Abdurrahman. Basi kila mwenye kazi hiyo atandike kitambaa safi chini ya meza, na nakala zake azihesabu mwanzo na mwisho.

Kiambaza kilisimamishwa wiki ya mwisho ya Shaabani. Usiku wa kwanza wa tarawehe akina mama waliswali nyuma ya nyota 24, na pazia zito likakunjwa na kuwekwa stoo. Bibi wa kofia alituambia kwamba kwa mara ya kwanza aliuhisi upepo wa feni ya mbele ukimfikia. Yule kijana sasa ndiye anayewafundisha wenzake watatu. Kabla hajawapa karatasi, huwauliza swali lile la mzee, naye hawashi mashine mpaka kila mmoja wao aweke kidole mahali pamoja.

Na sisi wanakamati tumejiwekea desturi mpya, ambayo haihusu mbao peke yake. Kazi yoyote ya msikiti tunayomkabidhi mtu, awe mlinzi, mwalimu au fundi, tunaandika kwanza ni kipi tunachotaka kibaki na kipi kiondoke, naye anatusomea alichokielewa. Kikiharibika kitu, tunaitazama kwanza karatasi tuliyompa.

Wabillahi tawfiq.